Tablo inaonyesha kijani, lakini maji iko wapi? Namna ya kufuata muradi kwa kompyuta bila kujidanganya

Nilikuwa nimekaa kwa benchi ya nyuma katika mukutano wa komite moja ya maji, kalamu mukononi. Sekretere alifungua kompyuta yake, akaigeuza ili sisi wote tuone. Tablo ilikuwa safi: mistari tisa, karibu yote imepakwa rangi ya kijani, na chini kabisa imeandikwa 75%. Watu wakapiga mikono. Kisha mama mumoja, mutoto mugongoni, akasimama na kuuliza: «Ile kijani ni muzuri. Sasa maji iko wapi?»

Chumba kikanyamaza.

Jibu lilikuja polepole. Ile 75% ilikuwa ya pesa. Kwa dola 12 000 za muradi, 9 000 zilikuwa zimekwisha kutoka. Lakini mutaro wa kulaza tiyo, wenye ulipaswa kuwa na metre 1 200, ulikuwa umefika metre 300 tu. Ni kusema 25%. Kila mustari ulikuwa unageuka kijani siku pesa zake zilipotoka, si siku kazi yake ilipoisha. Hakuna mutu aliyekuwa amesema uongo kwa kinywa. Tablo ndiyo ilipangwa vibaya, na ikatusaidia sisi wote tusione.

Sitataja muradi ule wala watu wake, kwani nimeona tablo za namna ile pengine pia. Leo tunataka kueleza namna ya kutengeneza tablo yenye inaweza kujibu ulizo la ule mama.

Kwa nini jambo hili linakugusa

Labda unafikiri tablo za kompyuta ni kazi ya mashirika makubwa na magari yao. Hapana. Angalia kandokando yako: komite ya wazazi kwa masomo, komite ya afya, MUSO, AVEC, kamati ya kanisa inayojenga. Wote wanashika pesa za watu na wote wana kazi ya kumaliza.

Tena kuko miradi mikubwa inayofika mpaka kwa vijiji. Wengi katika mashariki wanakumbuka Tuungane, ile programu iliyoanza mwaka wa 2007, ambamo wakaaji walipiga kura kuchagua komite zao. Leo kuko PDL-145T, programu ya serkali yenye lengo la kujenga masomo, vituo vya afya na majengo ya utawala katika maeneo yote 145 ya inchi. Na kule kwenye migodi, sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka wa 2018 inaomba kampuni zinazochimba zitenge kwa uchache 0,3% ya mauzo yao kwa ajili ya miradi ya jamii. Ni dola 3 kwa kila dola 1 000. Wawakilishi wa jamii wanakaa ndani ya chombo kinachosimamia pesa hizo.

Kukaa ndani ya chombo bila kujua kusoma tablo ni sawa na kukaa sokoni umefunga macho. Wataambia wewe bei, utakubali.

Programu gani, mashine gani

Programu inayojulikana sana kwetu ni Excel ya Microsoft. Inalipiwa. Kama komite yenu haina pesa, kuko LibreOffice, ambayo ni ya bure kabisa na ilianza mwaka wa 2010. Sehemu yake ya hesabu inaitwa Calc. Ukiisha kuiingiza katika kompyuta, inafanya kazi bila intaneti, na inafungua pia faili nyingi za Excel. Mwenzako anaweza kukupatia kwa flashi.

Kwa telefone, kuko Google Sheets. Inaomba mega, lakini ina faida moja kubwa: inaweka historia ya mabadiliko. Mutu akibadilisha kitu, unaweza kurudi nyuma na kuona ilikuwa namna gani mbele yake.

Kama hamuna mashine, chora tablo hii kwenye kaye kubwa na rula. Kanuni ni zilezile. Kompyuta inasaidia kuhesabu na kutoa kopi, lakini kupanga vizuri ni kazi yenu.

Kila mustari ni ahadi ya mutu

Hili ndilo jambo tunataka ukumbuke: mustari wa tablo ni ahadi. Na ahadi ina vitu vinne: kazi gani, nani ataijibia, siku gani, na nini kitaonyesha kwamba imefanyika. Kimoja kikikosekana, ule mustari ni mapambo tu.

Tuchukue ule mufano wa maji. Hatua zake ni hizi: kuchagua komite, kupata devi, kupokea pesa za kwanza, kununua tiyo na simenti, kuchimba mutaro, kujenga tanki, kulaza tiyo, kupima maji, na mwisho mapokezi ya kazi mbele ya wakaaji. Hatua tisa, mistari tisa. Usiandike «kazi za ujenzi» kwa mustari mumoja, kwani ndani ya neno hilo mutu anaweza kujificha miezi sita.

Sasa kolone. Tunapendekeza hizi, kutoka A mpaka L:

A: hatua yenyewe.
B: mutu anayeijibia. Jina moja. Ukiandika «komite», hakuna mutu. Kazi ya wote, mara nyingi, inabaki ya hakuna.
C: tarehe ya ahadi ya kwanza.
D: tarehe mpya, kama kuko kuchelewa.
E: sababu ya kuchelewa.
F: tarehe kazi ilipoisha kwelikweli.
G: kipimo kilichopangwa (metre, mifuko, mabati).
H: kipimo kilichofanyika.
I: pesa zilizopangwa.
J: pesa zilizotoka.
K: namba ya ushahidi.
L: hali.

Zinaonekana nyingi. Lakini ukijaza kila juma, ni kazi ya nusu saa.

Tarehe ya kwanza isifutwe

Huu ndio muchezo wa kawaida, na mara nyingi unafanywa bila nia mbaya. Kazi ilikuwa imalizike tarehe 15 mwezi wa 6. Haikumalizika. Sekretere anafuta, anaandika tarehe 30. Tarehe 30 inafika, anafuta tena, anaandika tarehe 20 mwezi wa 7. Ukifungua tablo siku ile, muradi uko sawa kabisa, haujachelewa hata siku moja. Tena hautachelewa kamwe, juu tarehe inakimbia mbele yake.

Dawa yake ni nyepesi. Kolone C ikiisha kujazwa mbele ya mukutano, hakuna mutu anaigusa tena. Tarehe mpya inaenda kwa D, na sababu kwa E. Mvua ilikata barabara? Andika. Kamyo ya simenti ilizuiwa kwa barabara? Andika. Usalama ulikuwa mubaya? Andika. Kwetu kuchelewa si kosa kila mara, na mufadhili mwenye akili anajua. Kosa ni kuficha.

Pesa na kazi ni vitu viwili

Ndiyo maana kuko G na H kwa kazi, I na J kwa pesa. Ukigawanya H kwa G, unapata asilimia ya kazi. Ukigawanya J kwa I, unapata asilimia ya pesa. Ziweke kandokando. Kama pesa ziko kwa 75% na kazi iko kwa 25%, hiyo si lazima kusema kwamba mutu amekula. Labda tiyo zilinunuliwa zote kwa mara moja, ziko kwa depo. Lakini ni ulizo lenye linapaswa kupata jibu siku ile ile: zile tiyo ziko wapi, ni ngapi, nani ana ufunguo?

Angalisho moja: usijumlishe metre na mifuko ili upate asilimia moja ya muradi wote. Haina maana. Kwa muradi muzima, sema tu: «Kwa hatua 9, hatua 4 zimekwisha.» Kila mutu ataelewa, hata yule hakusoma.

Na kwa sababu sisi tunanunua kwa dola na tunalipa wafanyakazi kwa franka, chagua pesa moja kwa tablo nzima. Kwa malipo ya franka, andika kandokando bei ya kubadilisha ya siku ile. Tofauti ndogo ya kila siku, nyuma ya miezi mitatu, inakuwa pesa kubwa yenye hakuna mutu anaweza kueleza.

Acha mashine iseme «imechelewa»

Ni vigumu kumwambia mukubwa mbele ya watu kwamba kazi yake imechelewa. Mashine haina haya. Kama Excel yako iko kwa Kifaransa, sawa vile ziko nyingi kwetu, andika hivi katika kisanduku L2:

=SI(F2<>"";"imekwisha";SI(C2<AUJOURDHUI();"imechelewa";"ndani ya muda"))

Maana yake: kama kolone F ina tarehe ya kumaliza, sema «imekwisha». Kama haina, na tarehe ya ahadi ya kwanza imepita leo, sema «imechelewa». Kama siyo, «ndani ya muda». Kisha vuta kile kisanduku mpaka kwa mustari wa mwisho. Angalia kwamba hesabu inatazama C, si D. Ukiweka D, ule muchezo wa tarehe zinazokimbia unarudi kwa mulango wa nyuma.

Ili uhesabu hatua zilizokwisha, andika chini =NB.SI(L2:L10;"imekwisha"). Kwa jumla ya pesa zilizotoka, =SOMME(J2:J10). Kama unataka rangi, nenda kwa «Accueil», kisha «Mise en forme conditionnelle», uombe kila kisanduku chenye «imechelewa» kipakwe rangi nyekundu. Rangi itoke kwa hesabu. Mutu akipaka kwa mukono wake, tunarudi kwa ile kijani ya mwanzo.

Kosa moja linasumbua wengi: kompyuta inachukua tarehe kama maandishi. Ukiandika tarehe na ikabaki upande wa kushoto wa kisanduku, kwa kawaida ni alama kwamba mashine haikuielewa, na hesabu yako haitatembea. Ikienda upande wa kuume, ni vizuri. Tena kwa mashine ya Kifaransa, nusu inaandikwa kwa mukato: 12,5. Ukiweka nukta, inaweza kuikataa kama hesabu.

Ushahidi uwe na namba

Kolone K ndiyo inatofautisha tablo na hadithi. Kila faktire, kila resi, kila PV, kila picha inapewa namba: 01, 02, 03. Namba hiyo inaandikwa kwenye karatasi yenyewe kwa kalamu, na katika tablo. Mutu akiuliza kuhusu mifuko 40 ya simenti, unasoma K, unafungua fardi, unatoa namba 07. Dakika mbili.

Kwa picha, usipige ukuta peke yake, kwani ukuta ni ukuta. Piga mahali penye wakaaji watatambua, na kitu cha kuonyesha ukubwa: mutu amesimama ndani ya mutaro, ao kijiti cha metre. Na kama kazi ilifanyika kwa salongo, orodha ya waliokuja nayo ni ushahidi. Mikono ya wakaaji ni mali ya muradi sawa na dola.

Watu watatu, si mumoja

Hata tablo nzuri itaharibika kama mutu mumoja anashika sanduku, anaandika tablo na kuhakikisha kazi kwa shantie. Gawanyeni. Mutunza sanduku atoe pesa. Sekretere aandike. Na mutu wa tatu, mwenye hashike pesa wala kompyuta, aende kuona kwa macho mbele F haijajazwa. Hii si kumudharau mutu. Inamulinda pia yule mwaminifu, kwa sababu siku maneno yatakapoanza mutaani, atakuwa na wenzake wawili wa kushuhudia.

Excel ina njia ya kufunga karatasi: «Révision», kisha «Protéger la feuille», na neno la siri. Inasaidia kuzuia kidole kilichopotea njia, lakini usiiamini kama kufuli ya chuma. Kufuli ya kweli ni kopi. Kila Ijumaa hifadhi faili mupya yenye tarehe ndani ya jina, kama tablo_2025-06-06, na usiguse tena ile ya juma lililopita. Mwaka ukianza, kisha mwezi, kisha siku, mashine inazipanga yenyewe kwa mufuatano. Siku kutakuwa mabishano, mutafungua ya zamani na ya sasa, muone nini kilibadilika.

Kopi zisikae nyumba moja

Mwanzoni mwa mwaka wa 2025, vita ilipofika Goma na kisha Bukavu, kuko maofisi yaliyoporwa na watu wengi walikimbia. Mahali pengine katika mashariki, watu wanajua jambo hilo tangu miaka mingi. Komite ikipoteza mashine na fardi kwa siku moja, inapoteza pia jibu la ulizo: pesa zilifanya nini?

Kwa hiyo: kopi moja kwa kompyuta, moja kwa flashi inayolala kwa nyumba ingine, na moja ya karatasi. Kama intaneti inapatikana, jitumie faili kwa barua pepe. Faili ya tablo ni ndogo, haikule mega nyingi. Karatasi zenye ushahidi zipige picha kwa telefone.

Tablo itoke ndani ya mashine

Tablo yenye inaonwa na watu watatu tu ni siri yenye mistari. Toa karatasi moja kila mwezi pale kwa fotokopi, uibandike kwa mulango wa masomo, wa kituo cha afya, ao pahali watu wanachota maji. Isome kwa mukutano, kwa Kiswahili na kwa luga ya kijiji, mustari kwa mustari. Anayeijibia kila hatua asimame wakati mustari wake unasomwa. Utaona kwamba mustari unaosomwa mbele ya jirani unatembea haraka kuliko ule wenye uko ndani ya rapoti.

Lakini tuwe na akili. Katika maeneo yetu, habari ya pesa inaweza kuita wezi na watu wa silaha. Kwa karatasi ya ukutani, andika kazi ya mutu («mutunza sanduku», «musimamizi wa shantie»), majina yabaki kwa tablo ya komite. Usitangaze siku pesa zitachukuliwa wala nyumba zinapolala. Tangaza zilizokwisha kutumika, na zilifanya nini. Uwazi ni kuhusu kazi iliyofanyika, si kuonyesha njia ya sanduku.

Maulizo matano ya kuuliza

Labda wewe si sekretere, hauna kompyuta, na hautagusa Excel maisha yako yote. Bado una haki ya kuuliza. Siku watakuonyesha tablo ya muradi wa kwenu, uliza haya:

Kwa hatua hii, ni nani mutu mumoja wa kujibu?
Tarehe ya kwanza ilikuwa gani?
Hii asilimia ni ya pesa ao ya kazi?
Ushahidi wake ni namba ngapi, tunaweza kuuona?
Nani, mbali na aliyefanya, alienda kuhakikisha?

Kama majibu yanakuja bila kutafutwa sana, shukuru komite yenu, kwani wanafanya kazi nzuri na mara nyingi bila malipo. Kama hayakuje, usianze kwa kutukana. Omba tarehe ya mukutano mwingine, na uombe iandikwe.

Ule mama wa maji hakujua Excel. Aliuliza ulizo moja tu. Kwa mukutano uliofuata, tablo ilikuja na kolone mupya ya metre, na zile kijani nyingi ziligeuka nyekundu. Watu hawakupiga mikono siku ile. Lakini kesho yake asubuhi, majembe yalirudi kwa mutaro.